Nani Atangulie? Historia ya Kuifundisha Kompyuta Kusoma Hesabu

Mwaka 1950, chuo kikuu cha ETH mjini Zurich, Uswisi, kilikodi mashine ya kukokotoa iitwayo Z4 kutoka kwa Konrad Zuse, mhandisi wa Kijerumani. Z4 ilikuwa imenusurika mabomu ya Berlin, ikafichwa kijijini kusini mwa Ujerumani vita vilipokuwa vinaelekea ukingoni. Ilijumlisha, ikatoa, ikazidisha na kugawanya bila kuchoka, lakini fomula haikuijua. Aliyetaka jibu la a + b × c alilazimika kuketi na karatasi, aamue mwenyewe kwamba b na c ndizo zitangulie, aandike amri ya kuzidisha, aandike amri ya kuhifadhi jibu, ndipo aandike amri ya kujumlisha. Fomula ya mstari mmoja ilizaa ukurasa mzima wa amri, na amri moja ikikosewa hesabu yote ilikwenda upogo.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwamo mwanahisabati Heinz Rutishauser. Alijiuliza: ikiwa kuivunja fomula ni kazi ya kufuata kanuni tu, kwa nini mashine isiivunje yenyewe? Swali hilo liliwashughulisha mabingwa wa nchi kadhaa kwa zaidi ya miaka 20. Leo kila lugha ya programu, kila kikokotoo cha simu na kila jedwali la Excel limebeba jibu lake ndani. Ajabu ni kwamba majibu hayo hayafanani.

Kanuni ambayo hakuna aliyeipitisha

Mwanafunzi wa Tanzania hufundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mwenzake wa Kenya hukariri BODMAS. Kwa jinsi kanuni hiyo inavyokaririwa tangu utotoni, mtu hudhani ni ukweli wa hisabati, sawa na 2 na 2 kuwa 4. Sivyo. Ni makubaliano ya uandishi, nayo yalikua polepole. Wanahisabati wa Ulaya walipoacha kuandika aljebra kwa maneno na kuanza kutumia alama, walizoea kuandika herufi zinazozidishana zikiwa zimeshikana, kama ab + cd. Jicho lenyewe likaona kwamba a na b ni kitu kimoja. René Descartes alipochapisha kitabu chake cha jiometria mwaka 1637, vipeo alivyoviandika juu ya herufi vilishikamana na herufi zao zaidi hata ya kuzidisha.

Hakuna baraza lililokaa kupitisha kanuni hizo, na mahali pengine zilibaki wazi kabisa. Mwaka 1928 Florian Cajori, katika kitabu chake kuhusu historia ya alama za hisabati, alieleza kwamba hadi wakati huo hapakuwa na makubaliano ni alama ipi itangulie pale ÷ na × zinapokutana katika mstari mmoja. Binadamu waliishi na utata huo bila taabu kubwa. Msomaji akiwa na shaka hutazama fomula imetoka wapi, au humuuliza aliyeiandika. Mashine haina wa kumuuliza.

Kifupisho chenyewe kina mtego. Chukua hesabu hii: 20 − 2 × 3 + 4. Anayeishika MAGAZIJUTO herufi kwa herufi atazidisha 2 kwa 3 apate 6. Kisha, kwa kuwa kujumlisha kumetajwa kabla ya kutoa, atajumlisha 6 na 4 apate 10, aitoe kwenye 20, abaki na 10. Jibu sahihi ni 18. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na vikikutana husomwa kuanzia kushoto: 20 ukitoa 6 ni 14, ukiongeza 4 ni 18. Kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kanuni ni mbili. Ya kwanza husema alama ipi ina daraja la juu kuliko nyingine, na ya pili husema alama zenye daraja sawa zianze upande gani. Mwalimu anaweza kuzieleza zote mbili kwa pumzi moja. Kuziandika kwa namna ambayo chuma kinaweza kuzifuata kulikuwa shughuli nyingine.

Kuufukua mlima

Njia aliyoichapisha Rutishauser mwaka 1952 ilitegemea mabano. Aliipa kila alama ya fomula namba ya kina chake: bano likifunguka namba hupanda, likifunga hushuka. Ukizichora namba hizo unapata safu ya milima. Mashine hutafuta kilele kirefu kuliko vyote, kwa maana hapo ndipo penye hesabu ya ndani kabisa, huikokotoa, huweka jibu mahali pake, kisha hurudi mwanzo kutafuta kilele kingine. Njia ilikuwa sahihi lakini yenye kuchosha, kwa sababu fomula husomwa upya kila mara. Fomula ikirefuka mara mbili, kazi huongezeka karibu mara nne.

Katika chuo hichohicho, Mtaliano Corrado Böhm aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1951 na kuonyesha kwamba inawezekana kuisoma fomula mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kurudi nyuma. Sharti lake lilikuwa zito: fomula ikianza na bano, mwandishi aweke mabano kila mahali. Kwa fomula hizo, swali la nani atangulie lilikuwa limerudishwa kwa binadamu.

Ng'ambo ya Atlantiki, Halcombe Laning na Neal Zierler wa MIT waliifanya kompyuta ya Whirlwind ipokee milinganyo iliyoandikwa karibu kama ilivyo vitabuni. Mwongozo wao ulitoka mwaka 1954, na mwaka huohuo John Backus wa IBM alikwenda kuitazama kazi yao. Wakati huo Backus alikuwa ameanza kuongoza mradi wa lugha iliyokuja kuitwa FORTRAN, ambayo ilitolewa mwaka 1957 kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704.

Ndani ya FORTRAN kulikuwa na hila ambayo hadi leo huwafanya wanafunzi wa kompyuta watabasamu. Kompaila ni programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine. Kipande chake kilichoshughulikia hesabu, ambacho Peter Sheridan alikieleza kwa kirefu mwaka 1959, hakikujisumbua kulinganisha madaraja ya alama. Kilimwaga mabano. Tuiangalie hila hiyo kwa alama za aina mbili tu, kujumlisha na kuzidisha. Kila + hubadilishwa kuwa ))+((, na kila * hubadilishwa kuwa )*(. Mwanzoni mwa fomula huongezwa ((, na mwishoni )). Hivyo A+B*C hugeuka:

((A))+((B)*(C))

Yasome mabano hayo taratibu. B na C zimejikuta ndani ya chumba kimoja, na A imebaki peke yake nje. Alama dhaifu imezungukwa na mabano mengi yanayowatenga majirani zake, na yenye nguvu imezungukwa na machache. Matokeo hutoka sawasawa kila mara. Kipeo kikiongezwa, kila alama iliyo chini yake huongezewa bano moja zaidi kila upande. Daraja likawa idadi ya mabano, na mashine iliyoweza kusoma mabano ikaweza kusoma FORTRAN. Baada ya hapo, kompaila ilikuwa na kazi kubwa ya kuyaondoa mabano ya ziada iliyoyamwaga yenyewe.

Rundo la Munich

Jibu safi zaidi lilitoka Ujerumani, na mizizi yake ilikuwa Poland. Mnamo mwaka 1924 mwanamantiki Jan Łukasiewicz, aliyefundisha Warsaw, alibuni namna ya kuandika fomula bila bano hata moja kwa kuitanguliza alama mbele ya vitu vyake. Badala ya a + b unaandika + a b. Kwa maandishi hayo hakuna fomula yenye maana mbili, na suala la daraja halipo kabisa. Ikiwa alama itawekwa nyuma badala ya mbele, a b +, unapata maandishi ambayo mashine huyapenda zaidi: chukua vitu, chukua alama, fanya kazi, endelea.

Mjini Munich, Friedrich Bauer alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 mashine ndogo ya relei ya kukagua fomula za mantiki zilizoandikwa kwa mtindo wa Łukasiewicz. Akishirikiana na mwenzake Klaus Samelson, aligundua kwamba mashine ya aina hiyo inahitaji hifadhi ya namna moja tu: rundo, kama sahani zilizopangwa juu ya meza, ambapo iliyowekwa mwisho ndiyo huchukuliwa kwanza. Wao waliliita ghala la chini ya nyumba. Mwaka 1957 waliomba hataza ya wazo hilo, na mwaka 1959 wakachapisha makala yaliyoeleza jinsi ya kutafsiri fomula kwa kuisoma mara moja, bila mabano ya kujazia na bila kurudi nyuma. Mwaka huohuo wa 1957, mbali huko Australia, mwanafalsafa Charles Hamblin naye alieleza kompyuta inayotumia rundo na maandishi ya alama nyuma, akiwa ameifikia njia hiyo peke yake.

Kiini cha ugunduzi wa Bauer na Samelson ni rahisi kukieleza. Ukikutana na alama, huna haja ya kuitekeleza papo hapo, kwa kuwa hujui bado kama inayokuja ina nguvu zaidi. Iweke rundoni isubiri. Inayofuata ikija, zilinganishe hizo mbili. Daraja limekuwa namba katika jedwali dogo, na uamuzi wote umekuwa ulinganisho wa namba mbili.

Yadi ya mabehewa

Wazo hilo lilipata sura yake maarufu mjini Amsterdam. Mwaka 1960 Edsger Dijkstra na Jaap Zonneveld wa Kituo cha Hisabati walikuwa wakiandika kompaila ya lugha mpya ya kimataifa, ALGOL 60, kwa ajili ya kompyuta ya Kiholanzi iitwayo X1. Husimuliwa kwamba waliapa kutonyoa ndevu hadi kompaila ifanye kazi. Ilifanya kazi Agosti ya mwaka huo. Zonneveld alinyoa, Dijkstra akabaki na zake.

Dijkstra aliifananisha njia yake na yadi ya reli ya kupangia mabehewa, na jina hilo likaganda. Namba ni mabehewa yanayopita moja kwa moja hadi ng'ambo. Alama huingizwa kwenye reli ya pembeni, ambako iliyoingia mwisho hutoka kwanza. Kabla alama mpya haijaingia huko, hutazama iliyo mdomoni mwa reli hiyo. Ikiwa iliyomo ina daraja la juu zaidi, au daraja sawa kwa alama zinazosomwa kutoka kushoto, iliyomo hutoka kwanza.

Tuipitishe 20 − 2 × 3 + 4 katika yadi hiyo. 20 inapita. Alama ya kutoa inaingia pembeni. 2 inapita. Alama ya kuzidisha inafika, inaikuta ya kutoa, ambayo ni dhaifu kuliko yenyewe, basi inaingia na kukaa mbele yake. 3 inapita. Sasa inafika alama ya kujumlisha. Inaikuta ya kuzidisha, yenye daraja la juu, hivyo ya kuzidisha inatoka. Nyuma yake ipo ya kutoa, yenye daraja sawa na inayosubiri, nayo inatoka. Ndipo ya kujumlisha inaingia. 4 inapita, fomula imekwisha, na ya kujumlisha inatoka. Ng'ambo ya yadi kumepangwa hivi: 20 2 3 × − 4 +. Ukikokotoa kutoka kushoto: 2 mara 3 ni 6, 20 toa 6 ni 14, ongeza 4 ni 18. Kile kipengele cha “au daraja sawa” ndicho kilichotuokoa. Kiondoe, alama ya kutoa ingebaki pembeni hadi mwisho, na jibu lingekuwa 10, lilelile la aliyekariri bila kuelewa.

ALGOL 60 yenyewe ilileta njia ya pili ya kueleza jambo hilo, safari hii kwa sarufi. Backus alikuwa amebuni namna ya kuandika kanuni za lugha ya programu kwa ukamilifu, na Peter Naur wa Denmark akaitumia kuandika ripoti ya ALGOL iliyotokana na mkutano wa Paris wa Januari 1960. Humo madaraja hayakuhitaji jedwali. Kuna ngazi: fomula hujengwa kwa vipande vinavyojumlishwa, kila kipande hujengwa kwa vipande vinavyozidishwa, na kila kimoja cha hivyo hujengwa kwa vipeo. Anayeshuka ngazi hizo hukuta daraja limejengwa ndani ya sarufi yenyewe. Mwaka 1963 Robert Floyd wa Marekani alionyesha jinsi ya kuanza na sarufi ya namna hiyo na kutoa jedwali la ulinganisho kwa utaratibu maalumu. Tangu hapo mbinu ya mafundi ikawa sehemu ya nadharia.

Waliokataa, na aliyerahisisha

Si wote walioukubali mzigo huo. John McCarthy, kwa Lisp yake ya mwaka 1958, aliweka mabano kila mahali na kufuta swali. Kenneth Iverson, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kilichozaa lugha ya APL, alikuwa na alama nyingi mno kiasi kwamba jedwali la madaraja lisingeweza kukaririwa. Aliamua zote ziwe sawa na zisomwe kutoka kulia. Katika APL, 2 × 3 + 4 ni 14, si 10. Kampuni ya Hewlett-Packard nayo ilipotoa kikokotoo cha HP-35 mwaka 1972, iliwataka wahandisi waandike alama nyuma na kufanya kazi kwa rundo la nafasi nne. Wengi walikizoea, wakakataa kurudi kwenye vya kawaida.

Mwaka uliofuata, katika mkutano uliofanyika Boston, Vaughan Pratt alieleza njia ambayo waandishi wengi wa lugha za programu huishika leo. Aliipa kila alama nguvu ya kuvuta. Katika 2 + 3 * 4, namba 3 imekaa kati ya alama mbili zinazoigombania. Ikiwa + ina nguvu 10 na * ina nguvu 20, basi 3 huenda kwa mwenye 20. Programu inayofanya uamuzi huo ni kipande kifupi kinachojiita chenyewe: soma namba, na kadiri alama inayofuata inavyokuwa na nguvu kuliko ile iliyokuleta hapa, endelea kuivutia upande wako. Upande wa kuanzia huamuliwa kwa kupunguza au kuongeza nguvu kidogo upande mmoja. Kwa miaka mingi makala ya Pratt hayakusomwa sana. Mwaka 2007 Douglas Crockford aliyaeleza upya na kuonyesha jinsi ya kuichanganua JavaScript kwa njia hiyo, na kizazi kipya kikayagundua.

Makosa yasiyofutika

Kufikia hapo, namna ya kuisomesha mashine ilikuwa imekamilika. Kilichobaki ni maamuzi, na maamuzi ni ya watu. Andika 2 kwa kipeo cha 3 kwa kipeo cha 2 bila mabano. ALGOL 60 ilisoma kutoka kushoto, ikapata 64. Excel nayo hupata 64. Python husoma kutoka kulia, hupata 512, kama wanavyofanya wanahisabati. Andika -2 kwa kipeo cha pili: Excel hutoa 4, Python hutoa -4. Wabunifu wa JavaScript, walipoongeza alama ya kipeo mwaka 2016, waliona bora kuikataa kabisa fomula hiyo hadi mwandishi aweke mabano.

Kisa cha lugha ya C ndicho chenye funzo zaidi. Katika B, lugha iliyoitangulia, alama & ilifanya kazi mbili: kuunganisha biti za namba (tarakimu zake za 0 na 1), na kuunganisha masharti mawili. Kwa kazi ya pili ilifaa iwe dhaifu kuliko alama ya kulinganisha, ==. Dennis Ritchie alipoijenga C katika maabara za Bell, kazi ya pili ilipewa alama mpya, &&. Daraja la & lingeweza kupandishwa wakati huo. Lakini programu za B zilikuwa zinahamishiwa C, na ili kuwapunguzia watu usumbufu, & ikaachwa ilipokuwa. Mwaka 1993 Ritchie mwenyewe aliandika kwamba ingekuwa afadhali daraja hilo libadilishwe.

Matokeo yake ni haya. Mwandishi wa programu anayetaka kujua kama biti fulani ya x imezimwa huandika x & 4 == 0. C haisomi hivyo. Hulinganisha kwanza 4 na 0, hukuta si sawa, hupata 0, kisha huunganisha x na 0. Jibu ni 0 daima, x iwe nini iwe. Programu haigomi, haitoi kosa, inaendelea kufanya kazi vibaya. Java, JavaScript na PHP zilirithi daraja hilohilo kutoka kwa C. Python na Go zililirekebisha, ndiyo maana anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine hujikuta akikosea kwa kuandika kitu kilekile.

Usumbufu uliokwepwa ulikuwa wa watu wachache waliokuwa na programu za B mapema miaka ya 1970. Uliobaki unawafikia mamilioni. Kompaila nyingi leo hutoa onyo zikiona fomula ya namna hiyo, na onyo lenyewe hushauri dawa ileile ya Böhm ya mwaka 1951. Basi wewe unayeandika programu, au unayepanga hesabu za biashara katika jedwali, ukiona alama mbili zimekutana nawe huna hakika ipi itangulie, weka mabano. Hayaicheleweshi programu hata kidogo: kompaila ikishayasoma na kuelewa ulichokusudia, huyatupa.